Nani Atabaki na Mtoto

4 Agosti

Kaka Mkubwa,

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga. Kila nikipiga nasikia nyundo kuliko ninavyokusikia wewe, unaniambia "ngoja kidogo", unaanza kumgombeza mtu kuhusu bampa, na muda wangu wa maongezi unaishia hapo. Barua angalau haina nyundo.

Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini ikishapata joto anatembea mpaka sokoni na kurudi na umbea wa mtaa mzima. Macho ndiyo yamepungua nguvu, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Anakusalimia, na anasema uvae miwani ukichomelea. Anajua huvai.

Chuoni nimepewa wanafunzi wapya, wale watakaokwenda kufundisha watoto wadogo. Nimeanza na somo ninalolipenda kuliko yote: mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa amebeba nini kutoka nyumbani. Niliwaambia watoto wawili wanaweza kukaa dawati moja siku ya kwanza, mmoja akawa keshamwacha mwenzake mbali, na mwalimu asijue umbali ule umetoka wapi. Msichana mmoja akauliza, "Na wewe mwalimu, uliingia umebeba nini?" Nikababaika. Nilisema baba yangu alikuwa dereva wa lori, haonekani nyumbani, mama yangu alifungasha sabuni kiwandani, na labda mimi nilikuwa na bahati tu. Jibu lile halikuniridhisha hata mimi.

Sasa niambie ya binti yako. Bado ni mviringo kama kifungo, au jina litabidi libadilishwe? Wifi aliniambia mnampeleka Kifungo shuleni akaulizwe maswali ya kuingia darasa la kwanza. Ilikuwaje? Nataka kumnunulia mkoba, nisije nikanunua mdogo.

Mdogo wako,
Kadogo

—

19 Agosti

Kadogo,

Barua yako nimeisomea chini ya gari, mahali pekee ambapo hakuna mtu anayenifuata kuuliza mlango wake umefikia wapi. Usishangae alama za grisi. Mwambie Mama miwani navaa. Siku nyingine.

Kazi ipo. Juzi nimeletewa gari la mtu anayefundisha watu udereva, limebonyea pande zote. Nikamwuliza anafundisha udereva au ngumi. Hakucheka, lakini ameacha gari.

Ya Kifungo ni hivi: tumeona asubiri mwaka mmoja. Bado mdogo, na shule haiendi popote. Halafu kuna jambo ambalo wifi yako alitaka nikwambie mimi. Ni mjamzito. Mungu akijalia, mwakani mwanzoni tutakuwa na kichanga. Unajua meza yake ya mboga pale sokoni, akikaa mbali muda mrefu watu wanajisogeza, akirudi hana pa kuweka hata fungu la mchicha. Kifungo akiwa nyumbani atamshikia mdogo wake. Ni mtulivu, hana makelele, ukimweka mahali utamkuta palepale. Mimi mwenyewe nilianza shule karibu nina ndevu, na sijafa.

Mkoba usinunue kwanza.

Kaka yako,
Mkubwa

—

27 Agosti

Kaka,

Hongereni sana. Mama ameshaanza kutafuta uzi wa kufuma soksi, na nimemwambia kwa macho yale mtoto atapata soksi moja ya mkono na moja ya mguu. Amenuna, anaendelea kutafuta.

Nimemsomea salamu tu na habari ya mimba. Yale ya shule nimeyabakiza kwangu, kwa sababu yamenikosesha raha na sikutaka yamkoseshe na yeye.

Kaka, mwaka mmoja si mdogo kwa mtoto wa umri ule. Mimi hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie. Nyumba ikiwa na maneno mengi, mtoto anasimuliwa, anaulizwa, anajibiwa, anafika shuleni kichwa kimeshalimwa. Nyumba ikiwa kimya, mwalimu anaanza na pori. Unasema ni mtulivu, hana makelele. Hilo mimi halinifurahishi, linanitia wasiwasi. Je, mnaongea naye? Wewe unarudi umechoka, wifi yuko sokoni tangu alfajiri. Nimekuwekea ndani ya bahasha karatasi tunazowapa wazazi, zina mazoezi ya kufanya na mtoto nyumbani. Zisomeni pamoja.

Najua wewe shule hukuipenda, uliniambia mwenyewe. Tafadhali usimrithishe.

Nakupenda ndiyo maana nasema.

Kadogo

—

6 Oktoba

Kadogo,

Nimekaa kimya makusudi. Nilitaka hasira zishuke kwanza. Zimeshuka nusu, nakuandikia na hiyo nusu nyingine.

Zile karatasi wifi yako alizisoma zote. Kisha akaziweka juu ya kabati na hakusema kitu mpaka tumelala, ndipo akaniuliza kama na wewe unaona yeye ni mama mbaya.

Sasa sikiliza. Hakuna mtu aliyeamua Kifungo asubiri. Alikataliwa. Mama yake alimpeleka amemvalisha gauni la sikukuu, nywele zimesukwa. Mwalimu mkuu akamwuliza jina lake, kimya. Akamwuliza anaishi na nani, kimya. Akamwonyesha picha ya kuku, mtoto akasema "mbuzi". Mtoto muda wote anamkodolea macho mdomoni tu, kama anasubiri kitu kidondoke. Mwalimu mkuu hakuwa mkali, alisema kwa upole kwamba mtoto ni mzito, bado hajaiva, wamrudishe mwaka unaofuata, na kama hali ni hiyohiyo atafutiwe shule ya watoto wa aina yake. Wifi yako alitembea kwa miguu kutoka kule mpaka gereji. Alifika analia, mafundi wakazima mashine zote. Hawajawahi kuzizima kwa ajili ya mtu.

Kwa hiyo nilikudanganya, ndiyo. Nilitaka nikwambie nini? Wewe ni mwalimu wa walimu. Nikwambie mwanangu ameshindwa kusema jina lake?

Mimi nimeshakubali. Katika nyumba yetu wewe ulipewa kichwa, mimi nikapewa mikono. Kifungo amenifuata mimi. Mikono nayo inalisha watu.

Usinitumie karatasi tena.

Mkubwa

—

12 Oktoba

Kaka yangu,

Nisamehe. Niliandika kama niko mbele ya darasa, nikasahau naandikia nyumbani. Barua ya wifi naiweka humuhumu, imefungwa peke yake, mpe bila kuifungua.

Lakini kuna jambo moja, na nakuomba uache hasira hata dakika chache ulisome taratibu. Umesema alimkodolea mwalimu macho mdomoni. Mtoto aliyezubaa hakodolei mdomo, Kaka. Huangalia dirisha, huangalia viatu. Anayeangalia mdomo anatafuta maneno yanatokea wapi.

Fanya hivi. Siku gereji imefungwa, nyumba imetulia, Kifungo akiwa anacheza amekupa mgongo, simama nyuma yake, usimguse, kivuli chako kisimfikie. Sema kwa sauti ya kawaida kitu anachokipenda, tuseme kwamba una pipi. Sema tena. Uone kama atageuka.

Asipogeuka, usingoje barua yangu. Mpelekeni hospitali kwa daktari wa masikio.

Kadogo

—

23 Novemba

Mdogo wangu,

Hakugeuka.

Nilisema pipi, nikasema biskuti, nikataja jina lake. Mama yake amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mtoto anapanga vifuniko vya chupa sakafuni, hana habari. Niligonga mguu chini, sakafu ikatetemeka, ndipo akageuka akacheka. Pale nikaelewa kwa nini sisi hatukuwahi kujua. Kwetu kila kitu hutetemeka. Nyumba iko ukuta mmoja na gereji, watu wote tunapiga kelele, na akiitwa anashikwa bega. Kutokusikia kulijificha ndani ya makelele yetu.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mdogo, nikamtilia shaka, lakini ana mikono mizuri. Alisema nyuma ya kiwambo cha sikio kumejaa maji mazito kama gundi, masikio yote mawili, pengine tangu ile homa aliyougua alipokuwa anaanza kutembea. Alisema mtoto wetu amekuwa akisikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Wakamlaza, wakatoboa katundu, wakatoa ule uchafu na kuweka vibomba ambavyo ukiviona utadhani ni punje za mchele. Nilingoja nje na wifi yako. Mimi ambaye mlango wa lori uliniangukia mguuni nikanyamaza, siku ile nilimshika wifi yako mkono mbele ya watu.

Alipoamka, nesi aliangusha kijiko kwenye sinia. Kifungo akaruka. Akatuangalia, akaangalia kijiko, akamnyooshea nesi mkono akitaka kiangushwe tena.

Kadogo, jinsi mtoto huyu anavyosikia sasa. Mvua ya kwanza ilipopiga bati aliingia chini ya meza. Halafu akatoka, akasimama katikati ya chumba, uso juu, mpaka mvua ikaisha. Na mimi ameanza kunishtaki kwa mama yake kwamba nyundo yangu ina kelele.

Shule wamekubali kumwona tena kabla ya likizo kwisha. Hapa ndipo nimekwama. Masikio yamefunguka lakini maneno hana. Vitu vingi hajui vinaitwaje. Wenzake wametangulia miaka, yeye anaanza sasa. Mama yake anajitahidi, lakini tumbo limekuwa kubwa, anachoka. Mimi sijui mtoto anafundishwaje kuongea. Nilisema usinitumie karatasi. Sasa naomba ulete.

Mkubwa

—

1 Desemba

Kaka Mkubwa,

Nilisoma barua yako ya kijiko nikiwa chumba cha walimu, ikabidi nitoke nje nikasimame kwenye mabomba ya maji.

Nilimsomea Mama. Safari hii nilimsomea zote, na zile za nyuma, kwa sababu hapakuwa tena na cha kumficha. Alikuwa anakunja nguo. Nilipofika pale uliposema Kifungo abaki nyumbani amshikie mdogo wake, akaacha kukunja. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akakaa kitandani.

"Kwani Mkubwa hajawahi kukwambia?" akauliza.

Nikasema kuniambia nini.

Kaka, amenieleza. Kwamba mwaka niliozaliwa mimi, jirani aliyetegemewa kutulea akahama. Kwamba kiwanda hakikumpa likizo zaidi, na Baba alikuwa njiani na lori. Sare yako ya darasa la kwanza ilikuwa imeshashonwa, ikaning'inia kwenye msumari mpaka ikawa haikutoshi, ikapewa mtoto wa mtu mwingine. Ulibaki nyumbani na mimi. Mama hakujitetea, alisema tu, "Ningemwachia nani?" na mimi nilipomwangalia nikaona kweli, angeniacha na nani.

Kumbe ndiyo maana ulianza shule mkubwa, magoti hayaingii chini ya dawati, wanakuita Babu. Miaka yote hii nimeamini hukuipenda shule kwa sababu ndivyo ulivyoniambia. Mama anasema ulimkataza asiniambie.

Halafu akanieleza na jingine, na hili ndilo jibu la swali lako. Alisema kila siku akienda kazini ulinibeba mgongoni ukazunguka na mimi mtaani. Ulinitajia kila kitu: tairi, mwavuli, kufuli, mbuzi. Ukifika kwenye maandishi ya dukani ulikuwa hujui kusoma, kwa hiyo unamwuliza mwenye duka pameandikwa nini, halafu unageuza shingo unaniambia mimi. Kinyozi alikuwa anakufukuza kwa sababu ya maswali yako. Mama akirudi jioni ananikuta naongea kama mtu mzima. Siku nilipopelekwa chekechea nilikuwa natambua maandishi ya duka la sabuni, la viatu na la dawa, na mwalimu akaniweka mbele.

Kile ambacho niliingia nacho shule ni wewe. Mwanafunzi wangu alinitega vizuri, na mimi nilimjibu bahati.

Kwa hiyo karatasi sileti. Hazina kitu usichokijua. Mchukue Kifungo, uzunguke naye.

Nina swali moja na usiponijibu nitaelewa. Inakuuma?

Kadogo

—

20 Desemba

Kadogo,

Mama na mdomo wake. Sawa. Limeshatoka.

Nakujibu moja kwa moja. Siku nyingine inauma. Mteja akiniletea karatasi ya bima niisome na watu wamesimama, nasoma polepole, na naona wanavyojifanya kuangalia pembeni. Siku hiyo inauma. Lakini wewe hukuwa na kosa, ulikuwa hata meno huna. Na sikutaka usome ukiwa umenibeba mimi kichwani, ungekuwa kila ukifeli hesabu unadhani umenikosea. Niliona bora ujue sikuipenda shule. Ni uongo mwepesi, na haukumdhuru mtu.

Na nikwambie ambalo Mama halijui. Zile siku zilikuwa nzuri. Mtaa wote ulikuwa wetu, wewe na mimi. Ulikuwa ukisikia neno jipya unalirudia sikioni mwangu mpaka linachekesha. Nisingeziuza.

Nilifanya ulivyosema. Tumekuwa tukitoka kila jioni baada ya kufunga, Kifungo na mimi, tunatembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Mwanzoni niliona aibu, mtu mzima anazungumza na mtoto kuhusu taa ya barabarani. Kisha nikazoea. Sasa ni yeye anayeuliza. Hii nini, ile nini, kwa nini imekunjika, nani ameikunja. Tofauti na zamani ni kwamba maandishi ya dukani nasoma mwenyewe.

Shuleni safari hii nilimpeleka mimi. Nilimweleza mwalimu mkuu habari ya masikio, akasema siku ile aliona mtoto mzito tu, masikio hakuyawaza. Hakujitetea zaidi ya hapo, na mimi sikumkaba. Aliniomba nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Akamwuliza jina, nikasikia jina. Akamwuliza baba anafanya kazi gani. Kifungo akaanza kueleza gari lilivyobonyea, nyundo gani inaanza, nyundo gani inafuata, rangi inakauka vipi. Maneno mengine ameyapindua, mengine hayapo kabisa, anaonyesha kwa mikono. Lakini hakunyamaza. Mwalimu mkuu alipotoka alikuwa anacheka. Amesema mtoto ana kazi kubwa mbele yake, wenzake wana maneno mengi zaidi, watamkalisha mbele karibu na mwalimu. Amepokelewa.

Sasa mama mkwe wangu amekuja kumsubiri mjukuu, na juzi mezani akasema kwa nia nzuri tu kwamba shule ingengoja, maana kichanga anakuja na Kifungo amekuwa na akili za kushika mtoto. Wifi yako akaniangalia. Ni maneno yangu mwenyewe ya mwezi wa nane, Kadogo, yamekaa mezani yananiangalia.

Nikamwambia, "Mama, huyu anaenda shule."

Akauliza, "Na mtoto atabaki na nani?"

Nikasema hilo niachiwe mimi.

Ule mkoba, kama bado una nia, nunua mkubwa.

Mkubwa

—

9 Machi

Wifi yangu,

Leo naandika mimi, kwa sababu kaka yako hawezi kushika kalamu, mikono yake imeshika mtoto. Ni wa kiume, mzima, anakula vizuri, na soksi za Mama zimemtosha, hata ile iliyozidi vidole. Mwambie tunashukuru sana.

Kaka yako hatakwambia haya, kwa hiyo nakwambia mimi. Mama yangu alipoondoka, mimi nikarudi mezani kwangu sokoni. Asubuhi ndiyo soko lina watu, na gereji magari yanaanza kuja jua likipanda. Basi asubuhi fundi wake mkubwa anafungua, na yeye anabaki na mtoto mpaka nirudi. Wateja walimcheka mwanzoni. Mmoja alimfuata nyumbani akamkuta anabadilisha nepi, kaka yako akamwambia angojee, akamaliza kufunga kwanza. Sasa hawamcheki tena, au wanacheka nisipokuwepo.

Anamfunga mgongoni na khanga yangu, wifi, mwanamume mzima na mabega yale, anazunguka naye. Majirani wanasema anamhubiria. Mtoto hata shingo haijakaza vizuri, anaelezwa habari ya kufuli. Nikamwuliza atakuwa anaelewa nini. Akaniambia bado, lakini anasikiliza.

Kifungo shule inakwenda. Si wa kwanza, wala si wa pili, na mwalimu anasema kuna maneno bado anayaokota ambayo wenzake walikuja nayo. Lakini anayaokota, na haogopi kuuliza. Mimi nilikuwa namwona mtoto wangu hana usemi. Sasa usiku namwomba alale, aniache na mimi nipumzishe masikio yangu.

Ile barua yako ya mwezi wa kumi, ile uliyoifunga peke yake, ninayo. Hatuna kinyongo. Njoo likizo, uje umwone mtoto, na darasa lako la chuoni uliambie wifi yako analisalimia.

Leo asubuhi mdogo wake alilia sana wakati tunatoka. Kifungo alikuwa ameshavaa mkoba mlangoni. Akarudi ndani, akamwinamia pale mgongoni kwa baba yake, akamwambia, "Nyamaza. Wewe kaa na Baba. Nikitoka shule nitakwambia yote."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Na mtoto, amini usiamini, alinyamaza.

Wako,
Mama Kifungo